Inalia Kavu

Vijana, kabla hamjashika spana yoyote, zimeni redio. Na huyo anayesimulia mpira hapo pembeni mwambieni anyamaze kidogo au asogee. Injini ya zamani iliyojengwa upya ikianza kulia tiki tiki, kazi ya kwanza ni kusikiliza, na nyinyi wa siku hizi mmekuwa watu wa kufungua. Napita pale Nkwenda naona boneti iko juu, vichwa vinne vimeinama, mmoja anachomoa hiki, mwingine analegeza kile, mwenye gari ameshika kiuno. Ukiwauliza wamesikia nini wanasema, "Inagonga, mzee." Inagonga wapi? Juu au chini? Ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Hapo kila mmoja anamtazama mwenzake.

Mimi nilikuwa na gereji hapo hapo Nkwenda, barabara ya kwenda mpakani, mahali ambapo sasa pana stoo ya mbolea. Mliokuwa wadogo mnaweza kukumbuka jina walilonipa, Fundi Masikio. Watu walitoka Kayanga, wakatoka Nyakakika, wakapita mafundi watano njiani ili mimi nisikilize injini zao. Jina hilo lilinipa ugali wangu na heshima yangu, na bado kuna wanaonisalimia kwa jina hilo nikienda kanisani.

Sasa niwaambie ukweli wake mapema, msije mkasoma mpaka mwisho mkiniheshimu bure. Masikio hayo hayakuwa yangu. Kwa zaidi ya nusu ya miaka yangu ya kazi, aliyesikia injini ni mke wangu Leokadia, ambaye hapa wote tulimwita Mama Adelina. Naye katika maisha yetu yote aliniomba jambo moja tu, kwamba nilitamke hilo mbele ya watu, mara moja, yeye akiwepo. Nitawaeleza nilichofanya na nisichofanya, na katikati nitawapa yale machache ya ufundi ninayoyajua, ili muda wenu usipotee wote.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Laurian, mtu wa Kayanga, mfupi, mkali, gereji yake ilikuwa nguzo nne na mabati. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha anaiweka kwenye chuma cha injini, mpini anaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio, kisha anafumba macho. Wanafunzi tukicheka anatuchapa kwa tambara lenye oili. Alitufundisha kuanza juu, kwenye kifuniko cha valvu, tushuke ubavuni kwenye eksozi, tumalizie chini kabisa kwenye sampu, lile bakuli la oili. Na mikono iwe mbali na feni, maana alikuwa na kidole kimoja pungufu na hakupenda kuulizwa.

Mlio mwepesi wa juu, wa haraka haraka, mara nyingi ni tapeti. Nafasi kati ya roka, kile kimkono kinachoibonyeza valvu, na valvu yenyewe imekuwa kubwa, chuma kinagonga chuma. Hiyo ni kazi ya fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na uvumilivu. Mlio unaousikia asubuhi gari likiwa baridi, halafu unafifia likipata moto, usiukimbilie kwa spana. Tazama gaskiti ya eksozi. Utaona masizi meusi pale hewa inapotorokea, na chuma kikishapata moto kinatanuka na kuziba chenyewe. Mlio mzito wa chini, unaozidi gari likipanda mlima na mzigo, huo ni beringi ya konrodi. Ukiusikia huo zima gari hapo hapo, usiseme kwanza nifike nyumbani. Ukitaka kujua ni silinda ipi, shika kitambaa kikavu, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwaka. Ukichomoa mmoja na mlio ukapungua, hapo ndipo penye ugonjwa.

Hayo niliyajua vizuri na nilikuwa hodari. Lakini tulikuwa wajinga wa masikio yetu wenyewe. Tulikata vyuma, tulinyoosha bodi kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni, tuliwasha injini zisizo na bomba la eksozi kichwa kikiwa ndani ya boneti. Hakuna aliyetuambia tuzibe masikio, na angetuambia tungemcheka. Nawaomba nyinyi mzibe, hata kwa pamba.

Siku moja, nikiwa bado na nywele nyeusi, nilikuwa nimekaa uani nikimwona kuku na vifaranga wake mbele yangu. Mama Adelina akatoka mbio na ufagio, kumbe mwewe ameshuka. Alipomfukuza akaniuliza, "Baba Adelina, umekaa hapa hapa, hukusikia wanavyolia?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nawaza kazi. Kwa kweli niliwaona vifaranga wamefungua midomo na hapakuwa na sauti. Niliogopa sana siku ile, na sikumwambia mtu.

Fundi wa injini asiyesikia, nani atamletea gari? Mlio mzito wa chini niliendelea kuupata kwa kuuma mpini wa bisibisi kwa meno, ukapita kwenye taya. Wateja waliona huo ni ufundi wa hali ya juu, wakawa wanasimuliana. Ule mwembamba wa juu ulikuwa umenitoka kabisa. Nikawa napima tapeti kwa fila geji, nafunga kifuniko, namwomba Mungu.

Hapo ndipo anapoingia Gozibert wa Nyabiyonza. Wakati ule alikuwa kijana aliyeoa karibuni, akiendesha pikapu ya zamani ya baba yake, yenye kabureta, iliyokuwa ikileta ndizi na kahawa Nkwenda. Injini ilikuwa imechoka, inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Niliishusha nikaijenga upya, ringi, beringi, gaskiti zote, valvu nikazisaga kwa mkono. Ilipowaka ilitulia hadi baba yake Gozibert akaja mwenyewe kunishika mkono.

Katika ujenzi ule nilifanya kosa ambalo sidhani fundi wa Dodoma anaweza kulifanya. Matambara yalikuwa yameniishia. Huku kwetu mtu akikosa tambara au kamba anageukia kibanja, lile shamba la migomba nyuma ya nyumba, anachana ebyai, yale maganda makavu ya shina la mgomba. Kwa ebyai tunafunga mizigo, tunaziba vibuyu, tunafuta mikono. Nami nilisokota vipande nikaziba matundu ya oili, uchafu usiingie wakati naosha bloku kwa petroli. Nilipomaliza nikavichomoa, nikadhani nimevichomoa vyote.

Baada ya wiki mbili Gozibert akarudi. "Fundi, inalia huku juu." Nikauma bisibisi, nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, nikabana tapeti. Ikatulia siku tatu, akarudi. Nikabana tena. Hilo nalo lishikeni: tapeti uliyoibana vizuri ikalegea tena baada ya siku tatu si ugonjwa wa tapeti, kuna kitu kinalika kwa sababu nyingine. Nilipaswa kujua. Ila mtu anayeficha jambo akili yake yote iko kwenye kuficha.

Aliporudi mara ya tatu, Mama Adelina alikuwa akianika kahawa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya gereji na majamvi yake yalifika karibu na magari. Wa kwetu mnajua, kahawa ya maganda ukavu wake hauonekani kwa macho. Yeye alikuwa anaitia kwenye ungo, anaitikisa karibu na sikio. Ikiwa bado na unyevu inanyamaza, ikikauka punje inalegea ndani ya ganda na kulia. Wanunuzi walikuwa wanaliamini sikio lake kuliko kipimo chao, na akisema bado siku mbili, ni siku mbili.

Akaja akasimama kando ya pikapu, ungo kwapani, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Baba Adelina, hiyo inalia kavu."

"Kavu nini?"

"Kavu. Haijalegea, imekauka. Vinavyogongana humo havina mafuta."

Gozibert alinitazama, na wateja wengine wawili wakanitazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Adelina, hapa si jikoni. Kaangalie chungu chako kinaungua."

Wanaume wakacheka. Gozibert hakucheka, nakumbuka. Mama Adelina alinitazama kidogo tu, akapiga ungo kwa kiganja kutoa vumbi, akaondoka. Hapakuwa na chungu chochote motoni saa ile, tulikuwa tumeshakula. Mimi nikabana tapeti kwa mara ya tatu na kumruhusu Gozibert aende.

Kama ningefanya alichosema, ingenichukua dakika mbili. Fungua kifuniko cha kujazia oili, acha injini ingurume taratibu, tazama ndani kwa tochi kama roka zinalowa. Zikiwa kavu, hakuna tapeti itakayokusaidia. Nimewafundisha wengi jambo hilo baadaye kana kwamba nilizaliwa nalijua.

Baada ya siku chache baba yake Gozibert alifariki hospitalini. Gozibert akaenda na ndugu zake kumchukua kwa pikapu ile ile. Wakiwa wamebakiza kilima kimoja kufika nyumbani injini ikakosa nguvu, ikatoa kelele ya chuma, ikazima. Mvua ilikuwa inanyesha. Walisukuma, kilima kikawashinda. Wakashusha jeneza, wakaliweka kando ya barabara juu ya majani ya mgomba, wanawake wakatoa khanga zao kulikinga. Nyumbani kaburi lilikuwa tayari, katekista amefika, watu wamekaa tangu asubuhi. Walingoja hadi jioni lilipopatikana trekta lenye tela.

Habari nilizipata kesho yake kwa mtu wa baiskeli. Nikafunga vifaa vyangu nikaenda. Nilipoinua kifuniko cha valvu, roka zilikuwa zimebadilika rangi kwa moto, moja imekwama kwenye shafti yake, fimbo ya chini yake imepinda. Palikuwa pakavu kama jiwe la kusagia. Nikaingiza waya kwenye tundu linalopandisha oili, nikavuta taratibu, kikatoka kipande cheusi chenye nyuzi, urefu wa kidole. Gozibert alikuwa amesimama nyuma yangu na nywele zimenyolewa kwa msiba.

"Ni nini hicho, Fundi?"

"Uchafu," nikasema. "Uchafu wa oili."

Mtoto aliyezaliwa kwenye migomba ya Nyabiyonza hawezi kushindwa kuyatambua ebyai. Alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, akasema polepole, "Mama Adelina alisema ni kavu." Nikajifanya natafuta spana. Injini ile niliijenga tena pale pale nyumbani kwao, siku nne, na kila siku mama yake, mjane wa marehemu, aliniletea chakula. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Nilirudi na kile kipande mfukoni. Nilimwonyesha Mama Adelina kwenye kiganja, nikamweleza yote, ya jeneza na ya mvua. Nilidhani atasema nilikwambia. Alisema, "Maskini mzee wa watu, kunyeshewa namna hiyo." Ndipo nikamweleza habari ya masikio yangu. Akaniambia alishajua tangu siku ya mwewe, alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Yeye ndiye aliyetunga mpango. Alijua sitakubali kusimamishwa na mke wangu mbele ya wateja na kuambiwa hiki ni hiki, na hakunilazimisha. Akasema tutatumia chakula. Tapeti itakuwa chai. Eksozi inayovuja, maji ya kunywa. Beringi ya chini, uji. Oili isiyofika juu ikawa kahawa, kwa sababu ya ule ukavu. Gari likija, mimi nawasha injini, nauma bisibisi yangu kwa mbwembwe, yeye anapita na chupa ya chai au na kuni kichwani, anasimama kidogo. "Baba Adelina, nikuletee chai?" Basi natoa mpini mdomoni, namwambia mwenye gari, "Ndugu, hizi ni tapeti."

Tuliyachekea sana chumbani mambo hayo, siwezi kuwadanganya kwamba miaka ile ilikuwa ya huzuni. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa ndizi na lori, mtu mwenye haraka. Mama Adelina akapita, "Baba Adelina, nikuletee uji?" Mimi njaa ilikuwa inaniuma kweli, nikamjibu, "Lete, na sukari usisahau," kisha nikamwambia yule bwana ni tapeti tu, dakika ishirini. Mama Adelina akaenda akapika uji. Akarudi na bakuli linafuka moshi, akalisimamisha mbele ya uso wangu. "Uji, Baba Adelina. Nimesema uji." Ilinibidi nimwambie yule bwana kwamba nimefikiri upya. Tukafungua chini, beringi ilikuwa imeisha kiasi cha kukwaruza kwa ukucha.

Siku nyingine alipita mara tatu na hakusema chakula chochote. Mara ya nne akasema, "Nikuletee senene?" Senene hawakuwepo, haukuwa msimu wao. Nikaelewa kwamba mlio ule haujui. Nilipoteza siku nzima nikifungua vitu, na mwisho nikakuta plagi moja haikukazwa, hewa inatoroka kwenye nyuzi zake, tiki tiki tiki, mtu anaapa ni valvu. Kwa hiyo anzeni kwa kukaza plagi, wanangu, kabla hamjamtoa mtu kijasho. Baada ya hapo mlio wa plagi aliujua milele. Sikio lake halikusahau, na mimi nilimtajia vyuma vyote vya ndani kwa majina hadi akawa anaijua injini kuliko wanafunzi wangu wawili waliokuwa na vyeti.

Ndipo jina la Fundi Masikio likaenea. Mchoraji mmoja akanichorea kibao, maandishi mekundu na sikio kubwa pembeni. Siku ya kukipachika Mama Adelina alisimama chini akikitazama, mikono kiunoni. "Sikio limetoka vizuri," akasema, "ila wamechora la mwanamume." Nikacheka. Yeye naye akacheka, kisha akaniambia lile ombi lake kwa mara ya kwanza. "Siku moja uwaambie, Baba Adelina. Mara moja tu. Nataka kusikia inavyosikika mtu akisema." Nikamwahidi nitasema nikistaafu, maana nikisema sasa tutakula nini.

Siku hizi naona mnaunganisha kifaa kidogo chini ya usukani, simu inawaandikia ugonjwa. Siwacheki. Kwa magari haya mapya ni jambo zuri. Ila pikapu za zamani bado zinapanda na ndizi kila siku ya soko, hazina pa kuchomeka hicho kifaa, na hata zile zilizo napo, simu haitawaambia kama mlio ni mkavu au umelegea. Mtafuteni mtu mwenye sikio. Na mkimpata, angalieni ni nani, maana anaweza kuwa ndiye anayewaletea chai.

Nilistaafu magoti yalipokataa kuinama. Mafundi wenzangu wakaandaa shughuli hapo gerejini, viti vya plastiki, ndizi na nyama, rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wanaotumia. Nikapewa nafasi ya kusema. Mama Adelina alikuwa amekaa mstari wa mbele, kavaa gauni lake la Pasaka na kitambaa kipya kichwani. Alijua ndiyo siku yenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mzee Laurian aliyetangulia, nikawashukuru wateja. Nikafika kwake. Neno lilikuwa mdomoni. Nikatazama nyuso za watu, na Gozibert akiwa amesimama kule nyuma, nikasema, "Na namshukuru mke wangu, kwa kunipikia vizuri miaka yote hii."

Watu wakapiga makofi. Naye akapiga. Tulipoingia ndani akavua kitambaa, akakikunja taratibu, akasema, "Umesema vizuri kuhusu uji." Nikacheka. Mpaka leo najiuliza nilicheka nini.

Baadaye alianza kuugua, figo, mwaka mzima wa kwenda na kurudi hospitali. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda. Walikuwepo manesi, alikuwepo mama wa kitanda cha jirani na watoto wake. Watu watano wangetosha. Hata mmoja angetosha, hakuwahi kuniambia ni wangapi. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nilikuwa nimezungumza habari za mvua na bei ya kahawa. Msinitafutie sababu nzuri, niliogopa tu kuonekana mdogo. Alifariki asubuhi moja nikiwa nimetoka kumtafutia supu.

Adelina alikuja kutoka Mwanza kwa mazishi. Akaketi na daftari kuandika wasifu wa mama yake, ule wa kusomwa kabla ya kuzika. Alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, watoto, wajukuu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Baba, kwenye kazi niandike nini?"

Kalamu yake ikangoja.

"Andika mkulima na mama wa nyumbani."

"Basi?"

"Basi."

Mpwa wangu akausoma mbele ya watu wote. Sikusikia vizuri lakini niliona midomo yake ilipofika pale, mkulima na mama wa nyumbani, halafu akafunua ukurasa. Miongoni mwa waliosimama nilimwona Gozibert, kofia mkononi. Alikuwa hamtazami msomaji, alikuwa ananitazama mimi, na aliendelea kunitazama mpaka wasifu ukaisha na jeneza likainuliwa.

Wiki mbili baada ya matanga akaja nyumbani na pikapu. Ndevu zake sasa zina mvi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Gozi."

Akafungua boneti bila kungoja. Akasema karibu na sikio langu, kwa ile sauti yake nene ambayo bado naipata, "Kuna kitu kinalia humu. Vijana wameshindwa. Waitu, tafadhali, nisikilizie kidogo." Akawasha. Niliona injini ikitikisika. Nikachukua bisibisi, nikaiweka kwenye chuma, nikauma mpini. Hapakuwa na kitu. Zamani ningesema tapeti. Nikautoa mpini mdomoni.

"Sisikii, Gozi," nikasema. "Sijasikia injini miaka mingi. Aliyekuwa anasikia ni Mama Adelina. Hata ile ya baba yako aliisikia yeye, nami nikamfukuza mbele yenu. Na ule haukuwa uchafu wa oili. Yalikuwa ebyai, niliyasahau mimi humo ndani."

Nililia nikiyasema hayo, mzee mzima, oili mkononi. Gozibert akazima gari. Akaniacha nimalize, kisha akaniinamia.

"Fundi, hilo tunalijua wote."

"Wote nani?"

"Wote. Hapa Nkwenda, kule kwetu, hadi Nyakakika. Tukimwona anakuja na chupa ya chai tulikuwa tunaacha kuzungumza, ili asikie vizuri."

Nikamshika mkono. Nikamuuliza, kama walijua miaka yote hiyo, kwa nini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, hata kwa utani.

Akaishusha boneti taratibu kwa mikono miwili.

"Alitukataza," akasema. "Alisema neno hilo ni lako, na yeye analingoja."